Jina Lililogeuziwa Kisogo: Uhakiki wa Uvishaji wa Kanga katika Maonyesho ya Mitindo ya Jukwaani

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna wanamitindo wanavyovishwa kanga katika maonyesho ya mitindo ya jukwaani katika ukanda wa Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba kanga ni vazi linalosomwa kutoka nyuma, ilhali jukwaa la mitindo limejengwa ili litazamwe kutoka mbele. Mgongano huo husababisha jina la kanga, yaani maandishi yake, kukatwa, kufunikwa au kupita bila kusomwa, hata pale onyesho linapodai kuienzi lugha na utamaduni wa Waswahili. Kwa kulinganisha mavazi mawili yaliyoonyeshwa jukwaani, makala yanabainisha kwamba tatizo haliko katika mkasi peke yake, bali pia katika maamuzi ya anayepanga mavazi na katika mkono wa anayevisha. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza hatua chache zinazoweza kuchukuliwa na waandaaji wa maonyesho, vyuo vya ushonaji na vyombo vya kukuza Kiswahili.

Maneno makuu: kanga, jina la kanga, uvishaji, jukwaa la mitindo, mwenye kauli

1.0 Utangulizi

Utafiti wa kanga kama chombo cha mawasiliano umekwisha kupiga hatua kubwa. Yahya-Othman (1997) aliyachunguza majina ya kanga kama sauti ya wanawake katika jamii ya Waswahili. Beck (2001) alijadili utata wa ishara ya kanga, ambao humwezesha mvaaji kusema jambo na wakati huohuo kubaki na nafasi ya kulikana. Parkin (2005) aliitazama nguo hiyo kama bidhaa na kama matini kwa pamoja. Kazi hizi zinamfuata zaidi mwanamke anayeivaa kanga nyumbani, mtaani na katika shughuli. Mahali pamoja ambapo hazikupatilia mkazo ni jukwaa la mitindo, ambako kanga huvaliwa na mtu asiyeichagua, mbele ya watu asiowajua, kwa muda usiotosha hata kumaliza kunywa kikombe cha kahawa.

Pengo hilo lina uzito kwa sababu jukwaa hilo limekua. Swahili Fashion Week ilianzishwa jijini Dar es Salaam mwaka 2008 na mbunifu Mustafa Hassanali, na leo maonyesho ya mitindo ni jambo la kawaida katika miji mikubwa ya nchi jirani pia, Kampala na Kigali zikiwamo. Katika kipindi hichohicho kanga ilivuka bahari kwa sura mpya: kampuni ya Suno ya New York, iliyoanza mwaka 2008 na kufungwa mwaka 2016, ilijijengea jina kwa mavazi yaliyoshonwa Kenya kutokana na kanga za zamani alizozikusanya mwanzilishi wake. Kwa hiyo, swali la namna ya kuivisha kanga mbele ya hadhira si la pwani peke yake tena.

Kabla ya kuendelea, istilahi zinahitaji kunyooshwa. Neno *mwanamitindo* katika matumizi ya magazeti yetu humtaja anayetembea jukwaani, lakini mara nyingine humtaja pia anayebuni nguo. Makala haya yanalitumia kwa maana ya kwanza tu. Anayebuni nguo ataitwa *mbunifu*. Anayeamua nani avae nini, kwa viatu gani na kwa mpangilio upi, nyuma ya jukwaa huitwa *stailisti*, na neno hilo limekubalika masikioni mwa wahusika kiasi kwamba hakuna faida ya kulikwepa. Anayemvisha mwanamitindo kwa mikono yake, akafunga vifungo na kukaza fundo, ataitwa *mvishaji*. Kutenganisha watu hawa watatu ni msingi wa uhakiki unaofuata, kwa maana kila mmoja ana sehemu yake katika hatima ya maandishi yaliyo juu ya nguo.

2.0 Mahali pa Jina katika Kanga

Barthes (1967), alipochunguza mfumo wa mitindo, alitenganisha vazi halisi, vazi lililopigwa picha na vazi lililoandikwa, yaani maelezo ya maneno yanayoambatana na picha katika majarida. Kwake, maandishi yako nje ya nguo. Kanga inauvuruga mgawanyo huo. Maandishi yake hayaielezi nguo. Yamo ndani yake, yamechapwa pamoja na rangi zake, na yanazungumzia maisha ya watu na si urefu wa sketi. Nguo hii haihitaji mwandishi wa mitindo ili ipate kauli.

Muundo wa kanga unafahamika: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa katika mstari mmoja, katikati ya upande mrefu wa chini, juu kidogo ya pindo. Kipande kimoja kina takriban sentimita 150 kwa 110, na vipande viwili vinavyofanana hufanya doti. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyozoeleka, mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kama Abdulla, ndiye aliyeanzisha desturi ya kuongeza misemo mwanzoni mwa karne ya 20; alama ya biashara yake, Mali ya Abdulla, ingali inatambuliwa hadi leo. Majina ya awali yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha hati za Kirumi zikashika nafasi.

Jambo ambalo halijasisitizwa vya kutosha ni uelekeo wa usomaji. Mwanamke anayejifunga kanga huiweka katikati ya nguo mgongoni, akazileta ncha mbili mbele na kuzifumbata kiunoni au kifuani. Kwa kuwa jina liko katikati ya upande mrefu, huangukia nyuma. Akijitanda kipande cha pili kichwani na mabegani, jina hilo huning'inia tena mgongoni. Matokeo yake ni kwamba anayelisoma jina ni yule aliyepitwa: jirani aliyebaki kibarazani, wifi aliyeachwa jikoni, mgeni anayefuata nyuma katika msafara wa harusi. Mvaaji hamwoni msomaji wake, na msomaji hauoni uso wa mvaaji.

Uelekeo huo ni sehemu ya sarufi ya kanga. Utata ambao Beck aliueleza unategemea kwa kiasi kikubwa hali hii ya kusemewa kisogoni. Mtu aliyeambiwa HASIDI HANA SABABU na mgongo hana pa kujibia. Na mwenye mgongo, akiulizwa, anaweza kusema kwamba alipenda rangi. Ukiligeuza jina likakaa kifuani, kauli hubadilika kutoka fumbo na kuwa tangazo. Ukilificha kabisa, kauli haipo. Kwa hiyo, kila uamuzi kuhusu upande gani uende wapi ni uamuzi wa kipragmatiki, iwe mwamuzi anajua au hajui.

3.0 Jukwaa Lililojengwa kwa Ajili ya Mbele

Desturi ya kuonyesha nguo juu ya mwili wa mtu aliye hai ilishika mizizi mjini Paris katika miaka ya 1860, Charles Frederick Worth alipowatumia wasichana kuwaonyesha wateja mavazi yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 jijini London, Lucy Duff-Gordon, aliyefanya biashara kwa jina la Lucile, aliongeza jukwaa, taa, muziki na wageni waalikwa. Aliongeza pia jambo linalotuhusu moja kwa moja: aliyapa magauni yake majina ya kihisia. Aliona kwamba gauni linalotembea bila jina ni kitambaa tu, na kwamba jina huwapa watazamaji mahali pa kulishikia. Ni kinaya kwamba sisi, ambao nguo yetu inatoka kiwandani ikiwa na jina lake tayari, tunaipeleka jukwaani na kulinyamazisha.

Ili kuelewa namna hilo linavyotokea, ni lazima kuufuata mwenendo wa kazi. Mwanamitindo hukaa mbele ya watazamaji kwa muda wa chini ya dakika moja hivi kila anapotoka, lakini muda huo hutanguliwa na saa nyingi za kujaribisha nguo. Hapo ndipo stailisti huamua: kilemba au kichwa wazi, mkanda uwepo au usiwepo, mtandio utupiwe bega lipi, nani atangulie na nani afunge onyesho. Uamuzi ukishafikiwa, mwanamitindo hupigwa picha akiwa amevaa kila kitu, na picha hiyo hubandikwa ubaoni na kwenye reli ya nguo zake. Siku ya onyesho, mvishaji husimama kwenye reli hiyo, viatu vikiwa chini, mapambo yakiwa katika mfuko uliotundikwa pamoja na nguo. Mwanamitindo anaporudi mbio kubadili vazi, mvishaji hana nafasi ya kuuliza maswali. Anaitazama picha, anavua, anavisha, anabana kwa pini, anamsukuma taratibu kuelekea kwenye foleni.

Kosa huanzia katika picha hiyo ya ubaoni. Kwa kawaida hupigwa kutoka mbele. Mvishaji anayeifuata kwa uaminifu atahakikisha kwamba kila kinachoonekana mbele kiko mahali pake, na hatakuwa na maelekezo yoyote kuhusu mgongo. Kwa gauni la hariri lisilo na maandishi, hasara ni ndogo. Kwa kanga, upande uliosahauliwa ndio upande unaosema.

Ukumbi nao unaikamilisha kazi hiyo. Wapiga picha hupangwa mwisho wa jukwaa, wakimkabili mwanamitindo anayekuja. Picha zinazokwenda magazetini na katika simu za watu huwa ni za mwanamitindo anayekaribia, mara chache za anayeondoka. Waliokaa pembeni huuona mgongo, lakini kwa sekunde chache, ukiwa katika mwendo, chini ya taa zinazobadilika. Kwa ufupi, jukwaa la mitindo ni chombo cha kutazama uso na kifua. Kanga ikiingizwa humo bila kufikiriwa upya, hupoteza sauti yake hata kama hakuna aliyekusudia kuinyamazisha.

4.0 Mavazi Mawili

Mavazi mawili yatakayohakikiwa hapa yalionyeshwa usiku mmoja, katika onyesho nililolihudhuria katika mji mmoja wa ukanda huu. Waandaaji hawatatajwa, kwa kuwa kinachohakikiwa ni desturi iliyoenea na si watu.

Vazi la kwanza lilikuwa blauzi na sketi vilivyoshonwa kutokana na doti moja yenye jina MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mshono ulikuwa safi. Pindo lilitumika kwa ustadi mikononi na chini ya sketi. Lakini mpasuo wa nyuma wa sketi ulipita katikati ya neno la tatu. Mwanamitindo alipopiga hatua, mpasuo ulifunguka na MWE ikaachana na NYEJI. Alipotua, silabi zikakaribiana tena. Katika blauzi, jina lilizungushwa mgongoni hadi ubavuni, na neno la mwisho likaingia ndani ya mshono wa kwapa. Kilichobaki kusomeka ni MGENI NJOO MWENYEJI.

Tofauti hiyo si ya neno moja tu. Methali hii imesimama juu ya kitenzi chake cha mwisho, ambacho kiko katika dhamira tegemezi na kubeba lengo la kauli nzima: mgeni anaitwa *ili* mwenyeji apate nafuu. Ukiliondoa neno APONE, sentensi inabaki na mwito usio na sababu, na mwenyeji anaachwa bila kitenzi, kama mtu aliyeitwa akafika na kukuta mlango umefungwa. Falsafa ya ukarimu inayomfanya mgeni kuwa tiba ya mwenye nyumba imekatwa kwa sentimita chache za kitambaa.

Hadi hapo lawama ni ya mkasi wa mbunifu. Lakini stailisti naye aliongeza lake. Juu ya blauzi ulikuwapo mkanda mpana wa ngozi uliobana kiuno, na kikoi kilichotupiwa bega la kushoto kikaachwa kining'inie mgongoni. Kwa mtazamo wa rangi, uamuzi huo ulikuwa mzuri: mistari ya kikoi ilituliza maua makubwa ya mji wa kanga. Kwa mtazamo wa matini, kikoi kilifunika hata yale maneno matatu yaliyosalimika. Mshereheshaji alilitaja jina la mbunifu na la mwanamitindo. Jina la kanga hakulitaja.

Vazi la pili lilikuwa karibu na mwisho wa onyesho, na lilikuwa rahisi zaidi. Doti haikukatwa. Kipande kimoja kilifungwa chini ya kwapa, fundo likiwa mbele. Cha pili mwanamitindo alikibeba mkononi kikiwa kimekunjwa. Alitembea hadi mwisho wa jukwaa kwa mwendo wa kawaida. Alipofika mbele ya wapiga picha aliwageuzia mgongo, akasimama. Kisha akakikunjua kipande cha pili, akajitanda mabegani, akashusha mikono. Mgongoni, sawasawa katikati, kukasomeka JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Ukumbi ulikaa kimya kwa muda mfupi, kisha wanawake waliokaa upande wa kulia wakaanza kulisoma jina kwa sauti, wengine wakacheka, mmoja akapiga kigelegele. Waliokaa karibu yangu ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kubahatisha waliwauliza jirani zao maana yake, wakaelezwa. Kwa dakika ile, ukumbi mzima ulikuwa darasa la semantiki ambalo hakuna aliyelitangaza.

Tofauti baina ya mavazi haya mawili haielezeki kwa kipaji cha mshono, kwa maana la pili halikuwa na mshono wowote. Inaelezeka kwa maamuzi matatu ya uvishaji. Kwanza, stailisti alijua jina lilipo na akaliacha lisizibwe na kitu chochote. Pili, mvishaji aliifunga nguo kwa namna iliyoliweka jina katikati ya mgongo, jambo linalohitaji mkono unaojua kuanzia katikati na si ukingoni. Tatu, mwendo wa mwanamitindo ulipangwa upya: kituo cha mwisho wa jukwaa, ambacho kwa kawaida ni cha uso, kilitolewa kwa mgongo. Kutua kule kulifanya kazi ya alama ya uakifishi; ndiko kulikowapa wasomaji nafasi ya kusoma.

Historia ya jukwaa la kimataifa inaonyesha kwamba uamuzi wa aina hii si uvunjaji wa kanuni. Mjini Paris mwaka 1999, wabunifu Viktor & Rolf walimsimamisha mwanamitindo Maggie Rizer juu ya jukwaa dogo linalozunguka, wakamvisha wenyewe mbele ya watazamaji, vazi juu ya vazi. Uvishaji ulitolewa nyuma ya pazia ukawa ndio onyesho, na mzunguko ukaondoa tofauti ya mbele na nyuma. Ikiwa nguo zisizo na neno hata moja ziliweza kupewa heshima hiyo, kanga, ambayo kwa asili yake hufungwa na kufunguliwa mbele ya watu, inastahili zaidi.

5.0 Nani Anasema?

Uchambuzi huo unaibua swali la mwenye kauli. Goffman (1981) alitenganisha nafasi tatu ambazo kwa kawaida tunazichanganya katika neno moja la *msemaji*: anayetoa sauti, aliyeyatunga maneno, na yule ambaye msimamo wake unawakilishwa na maneno hayo. Katika kanga ya nyumbani, mtunzi ni mfanyabiashara au mtu asiyejulikana. Mwili unaolibeba jina ni wa mvaaji. Na mwenye kauli ni mvaaji au, kama kanga ni zawadi, aliyeitoa. Mume anayemletea mkewe kanga, mtoto anayempelekea mama yake, shoga anayegawana doti na shoga mwenzake, wote wanasema kwa nguo.

Jukwaani nafasi ya tatu hubaki wazi. Mwanamitindo hakuichagua kanga, amepewa. Mbunifu mara nyingi aliichagua kwa rangi. Hadhira, hata hivyo, haiwezi kusoma kauli bila kumtafuta mwenyewe, na iliye karibu kuliko zote ni sura ya binti anayetembea. Hivyo basi, binti wa miaka 19 anaweza kujikuta akiwabebea wageni wa mstari wa mbele fumbo la kumsuta hasidi, au tamko la mke mwenye wivu, bila kuambiwa. Katika mila za pwani, kumvalisha mtu maneno asiyoyajua si jambo dogo. Mtu huyo anasemeshwa.

Ndiyo maana makala haya yanashikilia kwamba stailisti, apende asipende, ndiye mwenye kauli wa jukwaani. Yeye ndiye anayeamua kauli ipi itangulie na ipi ifuate. Kanga tano zikipita kwa mfuatano, majina yake hufanya mazungumzo: la pili hulijibu la kwanza, la tatu hulipinga. Stailisti anayesoma anaweza kuyapanga yakawa majibizano ya kupendeza. Asiyesoma huyapanga pia, ila hajui amesema nini. Na kwa kuwa ndiye mwenye kauli, ana wajibu wa kumweleza mwanamitindo maneno atakayoyabeba kabla hajayabeba.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza linaloweza kutolewa ni kwamba Waswahili wenyewe hawaitukuzi kanga kiasi hicho. Kanga huwa nepi ya mtoto, mbeleko, pazia, kitambaa cha kushikia sufuria; hukatwa na kuchanika, na jina likapotea bila kilio. Hilo ni kweli. Lakini mama anayeipasua kanga kuukuu kwa ajili ya mtoto hadai kwamba anauonyesha utamaduni wa Waswahili kwa wageni. Onyesho la mitindo linadai hivyo, katika mabango yake na katika hotuba za ufunguzi. Anayedai huhukumiwa kwa dai lake.

Pingamizi la pili ni kwamba kuwafunga wabunifu kwa jina ni kuua ubunifu. Hoja hii nayo ina uzito, na makala haya hayapendekezi kanga isikatwe. Mbunifu ana haki ya kulivunja jina, kulirudia, kuligeuza kichwa chini, hata kulifuta, mradi afanye hivyo kwa kusoma. Mshairi anayevunja mizani kwa makusudi hatofautiani na mizani. Asiyezijua ndiye anayepotea. Mtu angeweza kulikata JAPO SIPATI TAMAA SIKATI ili libaki TAMAA SIKATI, na akapata kauli mpya yenye ukali wake. Huo ungekuwa uhakiki kwa mkasi. Tunachokilalamikia ni mkato usiojua kwamba umekata.

Ulinganisho na mavazi ya majirani unasaidia. Stailisti wa Kigali hathubutu kuufunga mshanana kwa namna yoyote ile. Anajua kwamba kitambaa cha begani kina namna yake ya kupita, na wakubwa waliopo ukumbini watasema. Vivyo hivyo, anayemvisha mwanamitindo gomesi jijini Kampala anajua kwamba mshipi na fundo lake si mapambo ya hiari. Maarifa ya kufunga yanaheshimiwa kwa sababu wenye nguo wanaonekana kuyadai. Maarifa ya kusoma kanga yanastahili heshima hiyohiyo, na wa kuyadai ni sisi wasomi na wasemaji wa lugha yenyewe.

7.0 Athari kwa Sera

Katika nchi zetu, suala hili haliko mbali na sera ya lugha. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua ya kukikuza Kiswahili kama lugha rasmi mwaka 2022, mwaka uleule ambao Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, shughuli za utamaduni zinazoandamana na maadhimisho hayo zimeongezeka. Kwa raia wengi wa nchi jirani, kanga ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili wanayoyaona kwa macho nje ya kitabu cha shule. Ikiwa maandishi hayo yanapita mbele yao kama maua, tunawafundisha bila kukusudia kwamba Kiswahili ni pambo.

Mapendekezo yanayotolewa hapa hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, waandaaji wa maonyesho waweke sharti kwamba kila vazi la kanga lipigwe picha mbili za ubaoni, ya mbele na ya nyuma, na jina la kanga liandikwe chini ya picha hizo. Mvishaji ambaye ameliona jina limeandikwa hatalifunika kwa bahati mbaya. Pili, jina hilo litajwe na mshereheshaji na liingie katika orodha ya mavazi inayogawiwa watazamaji, likiambatana na tafsiri fupi katika lugha ya mahali. Tatu, wapiga picha wasisitiziwe kuupiga na mgongo, na angalau mmoja wao apewe nafasi mwanzoni mwa jukwaa.

Nne, vyuo vinavyofundisha ushonaji na ubunifu wa mavazi viingize katika mitaala yao somo fupi la usomaji wa kanga: muundo wake, uelekeo wa jina, namna za kujifunga na kujitanda, na adabu ya mafumbo. Walimu wa somo hilo hawana budi kutafutwa pia nje ya kuta za vyuo, miongoni mwa kina mama ambao mikono yao ndiyo maktaba ya maarifa haya. Tano, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama, isanifishe istilahi za kazi za jukwaani, ikianzia na utata wa neno *mwanamitindo* na ukosefu wa jina lililokubalika la mtu anayevisha. Kazi isiyo na jina ni rahisi kusahauliwa katika malipo, katika mikataba na katika shukrani za mwisho wa onyesho.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili kwamba kuvisha kanga jukwaani ni kitendo cha kusoma kabla hakijawa kitendo cha kupamba. Jina la kanga liliumbwa likae nyuma na limsubiri aliyepitwa. Jukwaa la mitindo liliumbwa limpokee anayekuja. Baina ya maumbile hayo mawili amesimama stailisti, na pembeni yake mvishaji mwenye pini mdomoni na sekunde chache mkononi. Vazi la kwanza limetuonyesha kinachopotea wakisahau. Vazi la pili limetuonyesha kwamba inatosha wakumbuke mambo madogo: kuanzia katikati, kutofunika, na kumwacha binti asimame kidogo akiwa ametupa mgongo. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu mavazi mengine yenye maandishi katika ukanda huu, na hasa kuhusu wavishaji wenyewe, ambao hadi sasa wameonekana kidogo sana katika maandishi yetu ya kitaaluma.